Bunduki za Komeo za Kiingereza: Kutoka Norfolk Hadi Ngong

Mgeni afikaye mjini Nairobi kwa mara ya kwanza huonyeshwa mambo mengi: majumba yenye orofa nyingi, Bustani ya Uhuru, makumbusho, na mbuga ya simba iliyo mwendo mfupi tu kutoka maofisini. Ni wachache waonyeshwao bunduki. Lakini bunduki zipo, tena mahali pa wazi kabisa, kando ya Barabara ya Kenyatta, mikononi mwa watu wa shaba. Sanamu hizo za askari na mchukuzi zilisimamishwa mwaka 1928 ili wakumbukwe Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Maandishi yake yamechongwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Karani aendaye kazini asubuhi hana nafasi ya kuyasoma. Macho yake yako kwenye saa na kwenye motokaa zinazotaka kumkanyaga.

Bunduki ya serikali ya siku zile ilikuwa Lee-Enfield ya namba .303, nayo iliendelea kubebwa na polisi na walinzi wa wanyama miaka mingi baada ya Uhuru, hata wazee wengi wa mashamba huijua kwa sura. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Nyuma ya mtutu pana komeo la chuma, mfano wa lile la mlango, lenye mkono mdogo upande wa kulia. Mwenye bunduki huuinua mkono ule, akalivuta komeo nyuma, na ganda tupu la risasi iliyokwisha kupigwa hurushwa kando. Akilisukuma mbele, komeo huchukua risasi nyingine katika kasha lililo chini yake na kuiingiza ndani ya mtutu. Akiulaza mkono, meno ya komeo hukamatana na chuma cha bunduki, na tundu la nyuma likafungwa imara. Basi ni hayo tu. Vyuma vya kuharibika si vingi. Vumbi na mvua haviizuii upesi, na mtu mwenye mafuta kidogo na kipande cha kitambaa aweza kuisafisha chini ya mti.

Bunduki za uwindaji zilizoupatia mji wa Nairobi sifa katika nchi za mbali ni ndugu wa hiyo ya askari, ila zilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye fedha. Mafundi wake walikuwa Uingereza: John Rigby, Holland & Holland na W. J. Jeffery katika mji wa London, Westley Richards katika Birmingham, George Gibbs katika Bristol. Kila mmoja alikuwa na namba yake aliyoibuni na kujivunia. Jeffery alitoa .404, Holland akatoa .375 mwaka 1912, Gibbs akatoa .505, na Rigby akatoa .416 mwaka 1911. Namba hizo ni upana wa risasi au wa mtutu kwa hesabu ya inchi, yaani.416 ni sehemu 416 katika 1,000 za inchi moja. Risasi yake ina uzito wa karibu wakia moja, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa futi zaidi ya 2,300 kwa sekunde. Kitu cha namna hiyo kikimpata nyati mahali panapofaa, nyati huanguka. Kisipompata mahali panapofaa, wawindaji wengi hawakurudi kusimulia.

Hata hivyo jina la Kiingereza lilikuwa kweli nusu tu. Komeo lililosifiwa kuliko yote lilikuwa la Mjerumani, Paul Mauser wa mji wa Oberndorf, aliyelikamilisha mwaka 1898. Lina ukucha mrefu wa chuma unaoikamata risasi tangu inapotoka katika kasha, usiiachilie mpaka itupwe nje. Kwa hiyo hata kama mtu amelala chali huku tembo amesimama juu yake, risasi haidondoki. Rigby alilinunua komeo hilo kutoka Ujerumani, akalifunga kwenye mtutu wake, akalitengenezea tako la mti wa jozi, akaweka shabaha, kisha akaandika jina lake. Wengine walifanya vivyo hivyo. Mwezi wa Agosti 1914 walowezi walipokusanyika Nairobi kuunda kikosi cha East African Mounted Rifles, wengi walikuja na bunduki zao za kuwindia. Basi si ajabu ikiwa katika mapigano ya mpakani watu wa pande zote mbili walivuta makomeo yaliyotoka katika kiwanda kimoja.

Uzuri wa bunduki hizo haukuwa maneno ya wauzaji tu. Mtutu mmoja ulipita katika mikono ya mafundi mbalimbali: wa kutoboa, wa kunyoosha, wa kuchonga tako kwa kipimo cha mkono na bega la mnunuzi, wa kung'arisha. Kisha, kwa sheria ya Uingereza, ulipelekwa katika nyumba ya majaribio ya London au ya Birmingham, ukapigwa kwa baruti nyingi kupita desturi. Usipopasuka ndipo ulipigwa muhuri. Tena mafundi walifikiri habari za jua la Afrika. Baruti ya Kiingereza ya siku zile, iliyoitwa kordaiti, ilizidi nguvu ikipata joto kali, na ganda lililojazwa mno liliweza kunasa ndani ya mtutu wakati mbaya kabisa. Ndiyo sababu ganda la .416 likafanywa kubwa na pana, ili baruti iwe na nafasi na nguvu yake isipite kiasi. Mambo ya namna hii hayaonekani dukani, lakini ndiyo yaliyomfanya mtu alale usingizi hemani.

Katika Barabara ya Harry Thuku, karibu na Chuo Kikuu, iko hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904. Wakati huo Nairobi ilikuwa na umri wa miaka 5 tu tangu reli ifike, na watu wa uwindaji waliifanya hoteli hiyo kuwa baraza yao. Hapo ndipo chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika ya Mashariki kilipoundwa mwaka 1934. Kabla ya hapo, mwaka 1909, alikuja Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, pamoja na mwanawe Kermit. Kampuni ya Newland na Tarlton ya Nairobi iliwatengenezea safari, na kwa hesabu yake mwenyewe wao wawili waliua wanyama 512. Baada yake matajiri wa Ulaya na Marekani wakafuata njia hiyo hiyo.

Hapa yafaa kutazama hesabu. Mgeni aliyetaka kuwinda wakati wa Roosevelt alilipa cheti cha rupia 750, yaani pauni 50. Mlowezi alilipa rupia 150. Kodi ya nyumba aliyotozwa Mwafrika ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na wengi waliacha mashamba yao wakaenda kufanya kazi ya mkataba ili waipate. Maana yake ni kwamba cheti kimoja cha mgeni kilikuwa sawa na kodi ya nyumba 250, kabla hajanunua bunduki wala risasi, wala kuajiri wachukuzi. Hakuna aliyemkataza Mkamba kwa jina lake asilipe rupia 750. Bei yenyewe ilitosha kumkataza, na upinde wake, aliorithi kwa babu zake waliowinda tembo kwa mishale ya sumu, sheria ikauita wa jangili.

Kati ya bunduki kubwa, ile ya komeo ndiyo iliyokuwa ya mtu wa kiasi, ikiwa neno kiasi laweza kutumika hapa. Mabwana wakubwa walipenda bunduki ya mitutu miwili, iliyopiga risasi ya pili bila kuvuta kitu chochote, nayo ilikuwa ghali mno kwa kuwa mitutu yake ililazimu kusawazishwa kwa mkono mpaka yote miwili ipige mahali pamoja. Bunduki ya komeo iliuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, ikabeba risasi 4 au 5 badala ya 2, na ikipatwa na ajali haikuwa msiba wa ukoo mzima.

Ajali kama hiyo ndiyo iliyoifanya .416 ijulikane duniani. Harry Selby, aliyelelewa Kenya na kufundishwa kazi na mwindaji mzee Philip Percival, alikuwa na bunduki ya mitutu miwili. Mwishoni mwa miaka ya 1940 motokaa iliikanyaga ikaharibika. Akaja Nairobi kutafuta nyingine, kwa kuwa wageni walikuwa wakimngoja na safari haingojei. Hakupata ya mitutu miwili ya kumfaa; dukani palikuwa na Rigby moja ya komeo, ya namba .416. Akaichukua kwa kukosa nyingine. Mwaka 1951 akamwongoza Mmarekani mwandishi wa magazeti, Robert Ruark, ambaye mwaka 1953 alitoa kitabu juu ya safari hiyo, akamsifu Selby na bunduki yake. Tangu hapo watu wa Texas na New York waliokuwa hawajamwona hata nyati wa picha wakaanza kuitamani .416. Selby mwenyewe aliitumia miaka mingi, Kenya na baadaye Botswana, akafariki huko mwaka 2018. Kwa mtu aliyeinunua kwa shida ya siku moja, hakupata hasara.

Wako watu wengine walioijua bunduki kuliko wenyewe, nao ni wachukua bunduki. Kazi yao hailingani na ya mchukuzi wa mizigo. Mchukua bunduki alitembea hatua moja au mbili kutoka kwa bwana wake, akiwa na bunduki ya pili iliyokwisha kutiwa risasi. Bwana alipopiga na kukosa, yeye alipaswa kumtilia ile nyingine mkononi, tako likielekea upande sawa, bila kuulizwa, huku mnyama akija mbio. Aliyekimbia alifukuzwa kazi. Aliyesimama aliweza kufa kwa kosa la shabaha ya mtu mwingine. Jioni alisafisha mitutu, akahesabu risasi, akakausha komeo na kulipaka mafuta, ndipo akala. Ernest Hemingway, aliyewinda kutoka Nairobi mwaka 1933 hata 1934, aliandika habari za mchukua bunduki aliyemwita M'Cola, na msomaji wa kitabu hicho aweza kuona kwamba mgeni alitafuta sifa machoni pa mzee yule kuliko kwa mtu mwingine ye yote. Lakini M'Cola na wenzake hawakuwa na bunduki hizo nyumbani kwao. Mtu aliweza kuibeba Rigby miaka 20, akajua kila mkwaruzo wa tako lake, na siku ya kuacha kazi akaondoka na barua ya sifa na blanketi.

Sababu ya serikali kuogopa ilikuja kuonekana baada ya tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa. Wapiganaji wa msituni hawakuwa na Mauser wala Rigby za kutosha. Walichukua walizoweza kwa walowezi na polisi, na zilizobaki wakazitengeneza wenyewe katika karakana za siri, mjini na msituni: bomba la maji likawa mtutu, kipande cha mti kikawa tako, komeo la kawaida la mlango likawa komeo la bunduki, likivutwa mbele kwa mpira uliokatwa katika tairi ya ndani ya baiskeli. Nyingine zilimwumiza mwenye kupiga kuliko mwenye kupigwa. Zimehifadhiwa baadhi yake katika majumba ya makumbusho, na fundi wa leo akizitazama hatacheka. Ataona kwamba aliyezifanya alikuwa ameielewa kazi ya komeo, ila alikosa chuma.

Gharama ya bunduki wakati huo haikuhesabiwa tena kwa pauni. Tangu mwaka 1953 kanuni za Hali ya Hatari zilifanya kuwa na silaha, au hata risasi, bila ruhusa kuwa kosa la kunyongwa. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa nchini katika miaka ile, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua bali kwa kupatikana na silaha au risasi au kushirikiana na wenye nazo. Dedan Kimathi naye, alipokamatwa mwezi wa Oktoba 1956, alishtakiwa Nyeri kwa kuwa na bastola na risasi, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Wakati huo huo mtalii aliyeshuka katika hoteli ya Nairobi na bunduki tatu ndani ya masanduku ya ngozi alipewa karatasi za kujaza na chai.

Atokaye katikati ya mji kwa Barabara ya Ngong kuelekea magharibi hupita upande wa Kibra, na hapo iko hesabu nyingine ya bunduki. Askari wa kwanza wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, wengi walikuwa watu wa asili ya Sudani. Walipomaliza kazi ya kubeba bunduki ya serikali, serikali iliwakalisha katika msitu huo, nao wakauita Kibra kwa lugha yao ya Kinubi. Zilitengwa ekari zaidi ya 4,000 kwa ajili yao na jamaa zao. Lakini hawakupewa hati. Mji ulikua, ardhi ikamegwa kwa nyumba za serikali, kwa barabara na kwa wengine, na wajukuu wa askari wakahesabiwa kuwa ni watu waliokaa tu. Hati ya ardhi ya jamii ya Wanubi ilitolewa mwaka 2017, nayo ni ya ekari 288. Babu aliyepewa Lee-Enfield aliitia sahihi kwa dole gumba na kuirudisha siku aliyoacha jeshi, bila kukosa hata skrubu moja. Ahadi ya serikali haikurudi kwa uaminifu wa namna hiyo.

Mbele zaidi ni Karen, mtaa wa miti mirefu, kuta na malango. Hapo palikuwa shamba la kahawa la ekari 6,000 la Karen Blixen, Mdenmark aliyekaa huko hata mwaka 1931. Mkulima asomaye habari hizi ataelewa upesi kwa nini shamba lilishindwa: mahali penyewe ni juu mno na mvua haitoshi kwa kahawa. Mumewe, Bror Blixen, alikuwa mwindaji wa kulipwa, na rafiki wa nyumba ile, Denys Finch Hatton, vilevile. Wawili hao ndio waliomwongoza mwana wa mfalme wa Uingereza alipokuja kuwinda mwaka 1928. Nyumba ilifanywa makumbusho mwaka 1986, na wageni huja kwa mabasi kutazama viti na vitabu, kwa kuwa sinema ya mwaka 1985 iliwaonyesha mahali hapo pakiwa pazuri kupita kiasi.

Finch Hatton ana jambo moja la kukumbukwa ambalo sinema hailitilii mkazo. Yeye aliyeishi kwa bunduki aliandika barua katika gazeti la The Times la London mwaka 1929, akiwalaumu watu waliokuwa wakiwafuata simba wa Serengeti kwa motokaa na kuwapiga risasi wakiwa wamekaa vitini. Haikuwa huruma tupu. Mwindaji asiyetaka wanyama waishe ni kama mvuvi asiyetaka bahari ikauke. Lakini aliona mapema kwamba komeo zuri na motokaa pamoja vingemaliza kila kitu, na wengi wa wenzake hawakuona, au waliona wakanyamaza.

Je, bunduki hizo ndizo zilizomaliza tembo na vifaru? Hapa mtu asiseme kwa haraka. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 1944 na 1946 mwindaji mmoja wa Idara ya Wanyama, J. A. Hunter, aliua karibu vifaru 1,000 huko Makueni, ili ardhi ifunguliwe kwa Wakamba waliokosa mashamba. Ni kweli pia kwamba .404 ya Jeffery, iliyogawiwa walinzi wa wanyama katika nchi za Afrika ya Mashariki, iliokoa mahindi na mihogo ya watu wengi, na mkulima aliyelala nje akipiga debe ili kuwafukuza tembo hataidharau. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwezi wa Mei 1977, na chama kile cha Norfolk kikavunjika. Lakini maangamizi makubwa kabisa yalikuja miaka ile ya 1970 na 1980, tena kwa bunduki za namna nyingine. Majangili walikuja na AK-47 zinazopiga risasi mfululizo, na walinzi wakaenda kuwakabili na .303 za komeo, wakivuta na kusukuma. Kwa hesabu zitajwazo mara nyingi, tembo wa Kenya walipungua kutoka 167,000 mwaka 1973 hata karibu 16,000 mwaka 1989. Uzuri wa komeo la zamani haukumsaidia kitu mlinzi aliyekuwa peke yake kando ya mto Tana.

Tarehe 18 Julai 1989, katika Mbuga ya Nairobi, Rais Moi aliwasha moto fungu la pembe za tembo la tani 12. Tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105 mahali hapo hapo. Majivu ya mioto hiyo yamo ndani ya mbuga, upande wa lango kuu la Barabara ya Lang'ata, na mwenye kuzuru aweza kuyaona. Katika hesabu ya mwaka 2021 tembo walikuwa wamefika 36,280.

Na bunduki zenyewe zimekwenda wapi? Nyingi ziliuzwa nje pamoja na wenyewe waliohama. Jambo lililozipunguzia nguvu halikuwa sheria tu. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa namba yake ya .458, bunduki ya kiwandani yenye bei nafuu, nao mafundi wa London hawakuweza kushindana nayo. Kisha katika miaka ya 1960 kiwanda cha Kynoch cha Birmingham kikaacha kutengeneza risasi kubwa za zamani. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo ghali. Mtu mwenye .416 alizihesabu risasi zake kama mjane ahesabuvyo akiba, akafikiri mara mbili kabla ya kujaribu shabaha. Tangu miaka ya mwisho ya 1980 risasi hizo zimetengenezwa tena huko Marekani, na Rigby wa London hutengeneza bunduki mpya kwa komeo la Mauser kama zamani, zinazouzwa kwa maelfu mengi ya pauni. Risasi moja tu ya .416 huzidi dola 5, na kibarua wa shamba katika Kiambu au Ngong hapati fedha hizo kwa kutwa nzima. Ile ya zamani yenye jina la mwindaji mashuhuri bei yake haina mpaka; inunuliwapo huwekwa katika kabati ya kioo, na pengine haipigwi tena.

Katika Kenya mwenye bunduki ni lazima awe na cheti, aonyeshe sababu ya kuimiliki, na aifungie mahali pa salama. Mwenye cheti akifa, mjane wake hawezi kuiacha ukutani kama saa ya babu. Itampasa aipeleke polisi, au atafute cheti chake mwenyewe. Tarehe 15 Novemba 2016, huko Ngong, serikali ilichoma silaha 5,250 zilizokuwa zimekamatwa au kusalimishwa. Mbao za matako zilishika moto kwanza.

Juu ya vilima vya Ngong, upande unaotazama mashariki, liko kaburi la Finch Hatton, aliyekufa ndege yake ilipoanguka Voi mwezi wa Mei 1931. Ndugu yake alijenga hapo mnara mdogo wa mawe. Kutoka vilimani hapo mtu huona majumba ya Nairobi upande mmoja, na upande wa kusini huona uwanda wa Wamasai unaoshuka kuelekea Namanga. Njia hiyo ndiyo waifuatayo wawindaji wa Kenya waliobaki na bunduki zao za komeo: huzipakia katika motokaa pamoja na vyeti, vibali na hesabu ya risasi, wakazionyesha mpakani, wakaingia Tanzania, ambako uwindaji wa kulipia ungali unaruhusiwa. Wakirudi, ofisa wa forodha huhesabu maganda.